Uduvi wa chumvi: Kuangua si kazi, kazi ni kulea

UDUVI wa chumvi, ambaye wanasayansi humwita Artemia, ni mnyama mdogo wa ukoo mmoja na kamba na kaa. Makao yake ya asili ni maziwa na mabwawa yenye chumvi nyingi kiasi kwamba samaki hawawezi kuishi humo. Aliyekomaa huwa na urefu wa milimita 8 hadi 12, yaani hafiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Pamoja na udogo huo, mnyama huyu ni mojawapo ya nguzo za ufugaji wa samaki na kamba duniani, kwa kuwa ndiye chakula cha kwanza cha mamilioni ya samaki wachanga katika vituo vya kutotoa vifaranga.

Watu wengi wanaofuga samaki wa mapambo, au wanaototoa vifaranga wa kambare, wanajua jinsi ya kuangua mayai ya uduvi hawa. Mayai hayo huuzwa yakiwa makavu katika mikebe, nayo huanguliwa kwa muda wa siku moja tu. Tatizo huanza baadaye. Siku ya pili chombo huwa kimejaa vichanga wanaochezacheza. Siku ya nne maji huwa yametulia na kuanza kunuka. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na methali hiyo inamfaa mno mfugaji wa uduvi. Aghalabu vichanga hawa hawaangamizwi na ugonjwa wala na njaa. Huangamizwa na chakula kingi walichopewa na mtu aliyewahurumia.

Makala haya yanaeleza maumbile ya uduvi wa chumvi, sababu za kumfuga hadi akomae, na utaratibu ambao mtu anaweza kuufuata nyumbani kwa vifaa vya kawaida.

UMUHIMU WAKE

Mnamo 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyoteuliwa. Mabwawa yalipochimbwa, vifaranga wa kutia humo walihitajika kwa wingi kuliko ilivyowahi kuwa. Ndipo wafugaji wengi wakatambua kwamba kupata vifaranga ni kazi nyingine kabisa, yenye ujuzi wake.

Samaki aina ya ngege hawasumbui sana katika hatua hiyo. Mama huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wake wanapotoka huweza kula chakula cha unga. Kambare ni tofauti. Anapoanguliwa huwa mdogo mno, na hutegemea akiba ya kiini cha yai kwa takriban siku tatu. Akiba hiyo ikiisha, anahitaji chakula kidogo kinachotoshea mdomoni mwake, chenye protini nyingi, na ambacho ni rahisi kumeng'enywa. Asipokipata hufa, au huanza kuwala ndugu zake. Kichanga wa uduvi wa chumvi, ambaye urefu wake ni karibu nusu milimita, hutimiza masharti hayo yote.

Hata hivyo, mayai makavu ni bidhaa ghali inayotoka nje, na mkebe uliofunguliwa hauchukui muda kuharibika katika mahali penye unyevu. Kwa hiyo anayeweza kuwalea uduvi hadi wakomae na kuzaa hupata faida mbili. Kwanza, hupata chakula kikubwa zaidi kwa samaki waliokwisha kupita hatua ya uchanga. Pili, uduvi wake huendelea kuzaa bila yeye kufungua mkebe mwingine.

MAUMBILE NA TABIA

Yai kavu la uduvi linafanana na chembe ya vumbi la kahawia. Upana wake ni kama robo ya milimita. Ndani yake mna kiumbe ambacho ukuaji wake umesimama. Hakili wala hakikui, lakini hakijafa. Kinacholinda uhai wake ni aina ya sukari iitwayo trehalosi, ambayo huzuia chembe za mwili zisiharibike maji yanapokauka. Yakihifadhiwa pakavu, mahali penye baridi na pasipo hewa, mayai haya huweza kukaa miaka mingi na bado yakaanguliwa. Mwaka wa 1972 baadhi yake yalisafirishwa hadi mwezini na kurudi katika chombo cha Apollo 16 cha Marekani, ili wataalamu wachunguze athari za miali ya anga za juu kwa viumbe hai.

Kichanga anapotoka huwa na rangi ya chungwa iliyoiva na jicho moja jekundu. Kwa muda wa saa nane au zaidi hawezi kula, kwa sababu mdomo na utumbo wake haujafunguka. Huishi kwa kiini alichotoka nacho. Baadaye hujivua gamba kwa mara ya kwanza na kuanza kuchuja chembe ndogo zilizo majini. Tangu hapo hadi anapokomaa hujivua gamba karibu mara 15. Kila anapojivua, mwili hurefuka na jozi mpya za miguu huchomoza, hadi zinapotimia 11. Macho mawili ya pembeni nayo hujitokeza.

Uduvi aliyekomaa huogelea chali, tumbo likielekea kwenye mwanga. Miguu yake hufanya kazi tatu kwa pamoja: humsogeza, humpatia oksijeni, na hukusanya chakula. Hachagui anachokula. Chembe yoyote isiyozidi sehemu 50 za elfu moja za milimita huivuta mdomoni, iwe ni mwani, bakteria au vumbi la pumba. Kwa sababu hiyo ni rahisi kumlisha, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuyachafua maji yake.

Kinga yake kubwa ni chumvi. Hana gamba gumu, hana mwiba wala sumu, na hawezi kukimbia adui. Katika maji ya kawaida ya bahari angemezwa na samaki kwa siku moja. Kwa hiyo amejijengea makao pale ambapo adui hawafiki: katika maji ambayo chumvi yake huzidi ya bahari mara kadhaa, hata gramu 250 kwa lita na zaidi. Jambo hili humfaa mfugaji kulijua. Uduvi anaweza kustahimili chumvi nyingi, lakini haimaanishi kwamba anaihitaji. Pasipo adui, hukua vyema katika maji ya chumvi kama ya bahari.

HISTORIA NA MAKAO

Mnyama huyu alielezwa kwa maandishi na Schlosser mwaka wa 1755, baada ya kuonekana katika mabwawa ya chumvi ya Lymington, Uingereza. Miaka mitatu baadaye Linnaeus, mtaalamu mashuhuri wa Uswidi, alimpa jina la kisayansi. Katika miaka ya 1930, Seale wa Marekani na Rollefsen wa Norway walionyesha kwamba vichanga wake ni chakula bora cha samaki wachanga. Biashara ya mayai ikazaliwa. Mwaka wa 1978 Chuo Kikuu cha Ghent, nchini Ubelgiji, kilianzisha kituo maalumu cha utafiti wa uduvi hawa chini ya Profesa Patrick Sorgeloos.

Sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa duniani imekuwa ikitoka Great Salt Lake, ziwa la chumvi lililoko jimbo la Utah, Marekani. Utegemezi huo una hatari yake. Mnamo Novemba 2022 maji ya ziwa hilo yalishuka hadi kiwango cha chini zaidi kuwahi kurekodiwa, chumvi ikazidi, na wanasayansi wakaonya kwamba hata uduvi wana mpaka wao wa ustahimilivu.

Kenya haikuwa na uduvi hawa kwa asili katika mashamba yake ya chumvi. Waliletwa katika miaka ya 1980 kutoka Amerika na kupandwa katika mabwawa ya kukaushia chumvi kaskazini mwa Malindi, eneo ambalo sasa liko katika Kaunti ya Kilifi. Tangu wakati huo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) imewachunguza na kuhimiza ufugaji wao pamoja na uzalishaji wa chumvi. Mtu anayewafuga ndani ya ndoo nyumbani anafanya kwa udogo kile ambacho mabwawa hayo hufanya kwa upana.

MAJI NA VIFAA

Vifaa vinavyohitajika si vingi: chupa ya plastiki ya lita moja au mbili kwa kuangulia, ndoo au beseni jeupe la lita 20 kwa kulelea, pampu ndogo ya hewa kama zile za matangi ya samaki, mpira mwembamba wa kupitishia hewa, kitambaa chepesi cha kuchujia, tochi, kipimajoto na mizani ndogo. Chombo cheupe hupendelewa kwa sababu uduvi na uchafu huonekana ndani yake kwa urahisi. Ndoo iliyowahi kutiwa sabuni kali, rangi au dawa ya wadudu haifai kabisa. Dawa ya wadudu, hata ikiwa kidogo, huwaua uduvi.

Walio pwani wanaweza kutumia maji ya bahari, mradi yatekwe mbali na mifereji ya maji taka, kisha yachujwe kwa kitambaa kizito. Walio bara watayatengeneza. Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Hivyo ndoo ya lita 20 huhitaji gramu 700. Ikiwa maji ni ya mfereji yenye klorini, yaachwe wazi siku nzima yakipulizwa hewa kabla ya kutiwa chumvi.

Aina ya chumvi nayo ina maana. Chumvi ya mezani inatosha kuangulia mayai, na hofu ya wengi kuhusu ayodini iliyomo imepita kiasi. Lakini kulea hadi ukomavu ni jambo jingine, kwani chumvi iliyosafishwa imeondolewa madini mengine ambayo bahari inayo, yakiwamo magnesi na kalsi. Chumvi maalumu ya matangi ya samaki wa baharini ndiyo bora. Ikikosekana, chumvi ya mawe ya bahari isiyosafishwa hufaa zaidi kuliko ile ya unga. Ndani ya ndoo huongezwa kijiko kidogo cha bikaboneti ya soda, ile itumiwayo kuumulia keki, ili maji yasiwe na uchachu.

Magadi ya Ziwa Magadi yasichukuliwe kuwa badala ya chumvi. Hayo ni kaboneti ya sodiamu, na ukali wake huyafanya maji kuwa na hali tofauti kabisa na ya bahari.

KUANGUA

Katika chupa ya lita moja hutiwa maji yenye gramu 25 za chumvi, yaani kijiko kikubwa kimoja na nusu hivi, pamoja na robo ya kijiko kidogo cha mayai. Joto linalofaa ni nyuzi 26 hadi 28 za selsiasi. Hewa hupulizwa kutoka chini bila kukoma ili mayai yasitulie, na taa huwekwa karibu, kwa kuwa mwanga ndio unaoyaamsha mayai yakishalowa. Pwani, mayai mazuri huanguliwa kwa saa 18 hadi 24. Katika sehemu za baridi kama vile Limuru au Nyahururu, yanaweza kuchukua saa 36 au zaidi iwapo hakuna kifaa cha kupasha maji joto.

Mayai yakishaanguliwa, hewa huzimwa kwa dakika kumi. Maganda matupu huelea juu na mayai yaliyokataa huzama. Mwanga wa tochi ukielekezwa upande mmoja wa chupa, vichanga hukusanyika hapo kama wingu la rangi ya chungwa, kisha hufyonzwa kwa mpira mwembamba. Maganda yasipewe samaki wachanga, kwani huweza kuwazibia utumbo.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza la wanaoanza. Robo ya kijiko ya mayai mazuri huweza kutoa vichanga zaidi ya 100,000. Mtu akiwamwaga wote katika ndoo moja, amewahukumu kifo. Kwa ndoo ya lita 20, vijiko vikubwa viwili tu vya maji hayo yenye vichanga vinatosha. Humo mtakuwa na vichanga wapatao 3,000. Waliosalia wapewe samaki siku hiyo hiyo, wakiwa bado na kiini chao, maana hapo ndipo wana lishe bora zaidi.

CHAKULA, KIINI CHA MAMBO

Siku ya kwanza vichanga hawalishwi chochote. Chakula kinachotiwa kabla midomo yao haijafunguka huoza tu. Kuanzia siku ya pili hulishwa kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku.

Chakula bora ni mwani mdogo sana, ule unaoyafanya maji yawe ya kijani. Kwa wengi nyumbani, kilicho karibu ni unga wa spirulina unaouzwa katika maduka ya vyakula vya afya. Spirulina ni wa jamii ya viumbe vile vile vya kijani ambavyo heroe wadogo huvila katika maziwa ya Bogoria na Nakuru. Pumba za mchele na unga wa soya uliosagwa laini pia hutumika. Hamira hupatikana kila duka na chembe zake zina ukubwa unaofaa, ila lishe yake ni pungufu. Uduvi wanaolishwa hamira pekee hukua polepole na wengi hufa njiani. Ni afadhali ichanganywe na vyakula vingine.

Namna ya kuandaa ni moja kwa vyakula vyote vya unga. Kiasi kinachoweza kukaa kwenye ncha ya kisu hukorogwa katika glasi ya maji, kisha huchujwa kwa kitambaa. Kinachobaki kwenye kitambaa hutupwa. Uduvi hawawezi kukila. Maji ya rangi yaliyopita ndiyo chakula, nayo hutiwa ndani ya ndoo kwa kijiko, kimoja baada ya kingine, hadi maji ya ndoo yapate ukungu hafifu. Yanayosalia huwekwa kwenye jokofu kwa siku mbili au tatu.

Swali ambalo kila mfugaji hujiuliza ni hili: chakula kingi ni kipi, na kidogo ni kipi? Wataalamu wana kipimo chepesi. Kifuniko cheupe cha chupa hugongomelewa kwenye ncha ya kijiti chenye alama za sentimita, kisha huzamishwa majini polepole. Katika juma la kwanza, kifuniko kinapaswa kutoweka machoni kikifika kina cha sentimita 15 hadi 20. Baada ya hapo, sentimita 20 hadi 25. Kikitoweka mapema, chakula kimezidi na kulisha kusimamishwe. Kikionekana mbali zaidi, kinaweza kuongezwa. Viwango hivyo vimewekwa kwa ufugaji wa uduvi wengi. Katika ndoo yenye uduvi wachache, maji angavu zaidi yanatosha, na anayeanza aelemee upande huo.

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa. Mwili wa uduvi ni kama kioo, na utumbo wake huonekana kama uzi katikati ya mwili. Uzi ukiwa wa kijani au wa rangi ya chakula, amekula. Ukiwa mweupe usio na kitu, ana njaa. Aidha, maji yaliyolishwa asubuhi yanapaswa kuwa yameng'aa kesho yake asubuhi. Yakiwa bado na ukungu, siku hiyo si ya kulisha. Uduvi hustahimili njaa ya siku moja. Hawastahimili maji yaliyooza.

HEWA, JOTO NA USAFI

Hewa ipulizwe polepole kwa mpira ulio wazi, unaotoa mapovu makubwa. Jiwe la hewa linalotoa mapovu madogo mno halifai, kwa sababu mapovu hayo hunasa miguuni mwa vichanga, au humezwa, na kuwafanya waelee juu bila kuweza kula.

Joto la nyuzi 25 hadi 28 ndilo linalowakuza upesi. Katika hali nzuri kabisa hukomaa kwa siku 8 hadi 14. Katika ndoo ya nyumbani, ambamo chakula na joto hubadilika, wiki tatu hadi nne si ajabu, hasa nyanda za juu ambako usiku ni baridi. Anayetumia kifaa cha stima kupasha maji joto akumbuke kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Swichi na nyaya zikae juu ya ndoo, na stima izimwe kabla ya mkono kuingia majini.

Kila baada ya siku mbili au tatu hewa huzimwa, tochi huwashwa juu ya ndoo, na uduvi hupanda. Uchafu uliotulia chini hufyonzwa kwa mpira. Mara moja kwa juma, sehemu moja kwa tano ya maji hubadilishwa kwa mengine yenye chumvi na joto sawa na yaliyomo.

Kuna jambo linalowapotosha wengi, nalo ni maji yanayopungua kwa mvuke. Mvuke huondoka bila chumvi. Ndoo yenye lita 20 na gramu 700 za chumvi ikipoteza lita nne, zile gramu 700 hubaki katika lita 16, na kila lita huwa na gramu 44 hivi badala ya 35. Mtu akijazia kwa maji ya chumvi, atakuwa amebakiza gramu 42 kwa lita, na wiki baada ya wiki maji yatazidi kukolea. Kwa hiyo alama ichorwe ukingoni mwa ndoo, na yaliyopotea kwa mvuke yajaziwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni ya kufidia yaliyofyonzwa na kumwagwa tu.

DALILI ZA HATARI

Maji meupe kama maziwa yenye harufu mbaya ni dalili kwamba bakteria wamezidi. Kulisha kukome, hewa iongezwe, na nusu ya maji ibadilishwe siku hiyo hiyo. Uduvi wakijazana juu ya maji na kusogea kwa uvivu, oksijeni ni haba. Wakiwa wekundu kuliko kawaida, maana yake ni ile ile: mwili umeongeza himoglobini ili kunasa oksijeni iliyo kidogo. Povu zito lisilopasuka juu ya maji huashiria chakula kilichozidi.

Vifo vichache visimtie mfugaji hofu. Hata panapotunzwa vyema, si wote wanaofika ukubwani, na kupungua kwao huwapa nafasi wanaobaki. Kwa anayeanza, uduvi wakubwa 100 kwa lita moja ni kiasi cha kuridhisha. Kuzidi hapo kunahitaji maji yanayobadilishwa mara kwa mara.

UZAZI NA MAVUNO

Dume hutambulika kwa pembe mbili kubwa zilizojikunja kichwani, ambazo humshikia jike. Jike ana mfuko wa mayai nyuma ya miguu. Wawili hao huonekana wakiogelea pamoja kwa muda mrefu, dume akiwa amemng'ang'ania mwenzake. Zipo pia jamii za uduvi, hasa katika Ulaya na Asia, ambazo ni majike matupu na huzaa bila dume.

Hali ikiwa njema, jike huzaa vichanga hai. Chumvi ikizidi au oksijeni ikipungua, hutoa mayai yenye ganda gumu, kana kwamba anawawekea akiba wajukuu watakaokuta maji mema. Katika hali bora huweza kutoa vichanga au mayai hadi 300 kila baada ya siku nne au tano, na kuishi miezi kadhaa. Mfugaji anayeona vichanga wapya ndani ya ndoo ambayo hakuitia mayai amefaulu. Wakati huo chakula kiwe laini kama cha siku za mwanzo, kwani ndani ya ndoo mna wakubwa na wadogo pamoja.

Wakubwa huvunwa kwa chujio lenye matundu yanayopitisha wachanga. Saa chache kabla ya kuvunwa hulishwa spirulina, ili samaki atakayewala apate pia kilichomo tumboni mwao. Kisha husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na kupewa samaki kwa kiasi cha kumalizwa upesi. Katika maji baridi uduvi huishi saa chache tu. Wanaobaki bila kuliwa hufa na kuchafua tangi. Anayetaka kuendelea na uzao asivune zaidi ya robo ya wakubwa kwa wakati mmoja.

Maji ya ndoo yasimwagwe katika vidimbwi vya chumvi au mikoko. Uduvi kutoka Amerika wamekwisha kuwashinda na kuwaondoa uduvi wa asili katika mabwawa kadhaa ya chumvi ya nchi za Mediterania, na kosa la namna hiyo halina dawa. Wala yasimwagwe shambani, kwa kuwa chumvi huharibu udongo. Mfereji wa maji machafu ndio mahali pake.

Mfugaji wa kambare mwenye ndoo mbili au tatu za uduvi hawezi kuacha kabisa kununua mayai. Vichanga wanaohitajika kulisha maelfu ya vifaranga kwa siku moja ni wengi mno. Lakini vifaranga hao wakishakua kidogo, ndoo hizo huwapatia chakula hai ambacho hakikununuliwa kwa fedha za kigeni, wala hakitegemei mvua za Utah. Kinachohitajika ni mizani, kijiti chenye kifuniko cheupe, na mkono usio na haraka ya kulisha.